Kwa nini tokeni ya LUKU haianzi na 8 wala 9? Watu wa hesabu njooni hapa

WakalaRangiTatu
Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni wakala Mbagala Rangi Tatu. Natoa na kuweka pesa, nauza vocha, na LUKU, umeme wa kulipia kabla, nawanunulia wale ambao simu imezima au macho yameanza kugoma. Kazi ya kuwasomea watu tokeni, ile namba ya kuingiza kwenye mita, nimeifanya miaka sita. Tarakimu ishirini, unasoma nne nne, mteja anaandika kiganjani au kwenye boksi la kiberiti. Ukishasoma nyingi hivyo unazizoea, kama konda anavyozizoea sura za abiria wa alfajiri.

Sasa kuna jambo linanikosesha usingizi. Sijawahi kusoma tokeni inayoanza na 8. Wala 9. Hata siku moja. Za kuanza na sifuri nazikumbuka sana kwa sababu zinaleta ugomvi dirishani: "Hii sifuri ya mbele niiandike au niiache?" Za 7 zipo, ila za kuokoteza. 8 na 9 hakuna kabisa.

Jirani yangu fundi umeme kasema ni bahati tu. Mteja mmoja kasema za 9 wamewekewa wakubwa. Hesabu kidato cha nne nilipata F ya wazi, sijifichi, lakini bahati ya miaka sita mimi siiamini. Kama tarakimu ya kwanza ingekuwa inaokotwa ovyo kati ya kumi, hizo mbili zingetokea mara moja katika kila tano. Au nakosea?

Naomba kuwasilisha.

Jero_Tupu
Za 9 zinaenda Masaki mkuu. Huku kwetu tunapewa za sifuri kulingana na vipato.

FundiSinza
Mimi ndiye yule jirani au mwenzake wa kazi, sijui 😂. Narudia hapa hapa: ni bahati. Namba ni namba. Mfumo unatupa tarakimu ishirini za vurugu, wewe umezikumbuka ulizotaka kuzikumbuka. Binadamu ndivyo tulivyo.

BintiMlimani
Kaka wakala, hujakosea, na fundi usimkatishe tamaa. Tukubaliane kwanza kuhusu bahati. Kama kila tarakimu ya mwanzo ingekuwa na nafasi sawa, tokeni moja kukwepa 8 na 9 ni nafasi nane katika kumi. Tokeni mia moja mfululizo zote zikwepe? Zidisha 0.8 kwa 0.8 mara mia. Unabaki na nafasi moja kati ya karibu bilioni tano. Na yeye kasoma tokeni ngapi ndani ya miaka sita? Bahati hiyo haipo Mbagala wala popote.

Jibu ni hili. Mita zetu zinatumia mfumo wa kimataifa uitwao STS, uliozaliwa Afrika Kusini. Wewe unaona tarakimu 20, lakini mita haioni hivyo. Ndani yake tokeni ni safu ya swichi 66, kila moja ama imewashwa ama imezimwa. Biti 66. Swichi moja ina hali mbili, swichi mbili zina hali nne, tatu nane, unaendelea kuzidisha kwa mbili mpaka ufike ya 66. Kwa hiyo tokeni zote zinazoweza kuwepo duniani ni 2^66, yaani:

73,786,976,294,838,206,464

Tukianza kuhesabu na sifuri, ya mwisho kabisa ni pungufu ya hiyo kwa moja, inaishia na 463. Hiyo ndiyo dari. Tazama inaanzaje: 73. Tokeni ya kuanza na 8 ingetoboa paa. Hata ya kuanza na 74 haiwezekani.

Na sifuri za mbele ziandikwe, kaka! Namba ikiwa ndogo inajazwa sifuri mbele ili itimie ishirini.

Jero_Tupu
Dada hiyo namba inasomwaje sasa? Mimi naishia trilioni, tena za bajeti.

BintiMlimani
Kwintilioni 73, kwadrilioni 786, trilioni 976, bilioni 294, milioni 838, laki mbili na elfu sita, mia nne sitini na nne. Ukizigawa sawasawa kwa watu bilioni nane wa dunia, kila mmoja anapata tokeni zaidi ya bilioni tisa.

FundiSinza
Sawa, nakubali kushindwa lakini si kwa mikono mitupu. Kama dari ni 73 na kitu, kwa nini wasitumie tarakimu 19 wakatuokolea kidole kimoja? Na kwa nini 66, si 64 wala 70?

BintiMlimani
Tarakimu 19 zinaishia 9,999,999,999,999,999,999, ambayo haifiki hata moja ya saba ya hizo. Hazitoshi, kwa hiyo ya ishirini inaingia kwa lazima, ila haijazi nafasi yake. Kama maji ya ndoo unayoyamimina kwenye pipa.

Kuhusu 66: kwenye tokeni ya kununua umeme, biti mbili zinasema hii ni tokeni ya aina gani, nne zinasema ni ya huduma ipi, nne ni za kubahatisha, 24 zinashika dakika uliyonunua, 16 zinashika kiasi cha umeme, na 16 za mwisho ni za kuhakiki kwamba hujakosea kuandika. Jumlisha, zinatimia 66. Kisha 64 kati ya hizo zinafumbwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako na ndiyo maana namba inaonekana vurugu hata ukinunua uniti zile zile kila wiki.

Kwa kuwa zimefumbwa, zinatawanyika karibu sawasawa toka sifuri hadi darini. Kwa hiyo katika kila tokeni 100, kaka wakala, tegemea 13 au 14 za kuanza na 0, vivyo hivyo za 1, za 2, mpaka za 6. Za 7 zinabanwa na dari: kama tano tu. Ndizo ulizosema ni za kuokoteza.

WakalaRangiTatu
Nimesoma hii mara tatu nikiwa nimesimama. "Kama tano tu." Wallahi ndivyo ilivyo.

MamaNtilieKisutu
Hizo biti 24 za dakika ndizo zilizotusumbua ule mwaka wa kuingiza namba tatu?

BintiMlimani
Ndizo hizo, mama! Saa ya mfumo ilianza kuhesabu dakika tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216 tu, baada ya hapo zinarudi sifuri kama mita ya pikipiki kuukuu. Gawa kwa dakika 1,440 za siku moja: siku 11,650 na kidogo. Ukihesabu toka 1993 unaangukia 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ilibidi ibadilishiwe ufunguo, na saa ikaanza upya kuhesabu toka 2014. Tokeni mbili za mwanzo zilikuwa za kubadili ufunguo, ya tatu ndiyo umeme wenyewe.

WakalaRangiTatu
Tarakimu sitini kwa kila mteja. Nilipoteza sauti wiki mbili. Kumbe ni mbili imejizidisha mara 24 ikafika ukingoni.

Jero_Tupu
Na inarudi lini, tujiandae kununua asali ya koo?

BintiMlimani
24 Novemba 2045.

MwalimuMstaafu
Watoto wangu, nimeusoma uzi wote toka juu. Marahaba kwa wote ambao mngesalimia.

Nilifundisha hesabu shule ya msingi, Temeke, darasa la sita na la saba, na nasikitika mmeishika namba nzuri hivi mkaishia kutazama kichwa chake. Mnajua kwamba tokeni ya mwisho kabisa, ile ya 463, inaweza kupasuliwa yote kwa penseli? Kikokotoo hakihitajiki. Tena vya simu huenda vikawadanganya, kwani vingi tarakimu ishirini havizimudu, vinazungusha kisha vinaweka herufi E.

Chukueni karatasi. Namba yetu ni 2^66 toa 1.

Je, inagawanyika kwa 7? Msigawe. Andikeni 2^66 kama 8 iliyojizidisha mara 22, maana mbili tatu zikizidishana ni nane. Nane ukiigawa kwa saba inabaki moja. Moja ukiizidisha kwa moja mara 22 ni moja ile ile. Kwa hiyo 2^66 ikigawanywa kwa 7 inabaki 1, ukiitoa hiyo 1 haibaki kitu. Imegawanyika. Mmemaliza bila kugusa hata tarakimu moja.

Sasa ifanyeni 64 iliyojizidisha mara 11. 64 ni 63 na moja. Hoja ni ile ile: 63 inaigawa, kwa hiyo 9 nayo inaigawa. Asiyeamini ajumlishe tarakimu zote ishirini, atapata 108, na 108 ni 9 mara 12.

Tena: ifanyeni 2,048 iliyojizidisha mara 6. 2,048 ni 2,047 na moja. Na 2,047 ni 23 mara 89. Hao nao ni vigawo.

Nimewaachia vingine. Kazi ya nyumbani.

Jero_Tupu
Mwalimu shikamoo. Nimekumbuka fimbo.

FundiSinza
Shikamoo Mwalimu. Nimejaribu. Nikaona 66 ni 33 mara mbili, kwa hiyo namba ni (2^33 toa 1) mara (2^33 jumlisha 1), ile ya tofauti ya vipeo vya pili tuliyofundishwa. Yaani 8,589,934,591 mara 8,589,934,593. Ya kwanza nikaigawa kwa 7, 23 na 89, ikabaki 599,479. Ya pili nikaigawa kwa 9. Hapo nikakwama, umeme ukakatika, nikacheka peke yangu gizani.

MwalimuMstaafu
Marahaba fundi. Umefanya vizuri kuliko wengi. Hiyo 599,479 iache, ni namba tasa, haina zaidi. Ya pili ukishaigawa kwa 9 jaribu 67, kisha 683, itabaki 20,857 ambayo nayo ni tasa. Yote kwa pamoja:

3 × 3 × 7 × 23 × 67 × 89 × 683 × 20,857 × 599,479

Hizo ndizo tasa zinazoijenga. Na vigawo vyake vyote, ukihesabu kila namba inayoweza kuigawa bila baki, ni 384. Hebu mlinganishe na jirani yake wa mlango wa pili, 2^66 yenyewe, kubwa kuliko hii kwa moja tu: yeye ana vigawo 67, na tasa inayomjenga ni moja, mbili peke yake. Nyumba mbili zimeshikana ukuta, moja ina ukoo mzima, nyingine ana baba mmoja aliyejirudia mara 66.

BintiMlimani
Mwalimu shikamoo. Naomba niongeze kidogo kuhusu hiyo 67, maana haikuingia kwa bahati. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, aliandika mwaka 1640 kwamba ukichukua namba tasa, tuseme p, na namba isiyogawanyika kwa p, ukaizidisha yenyewe kwa yenyewe mara p toa moja, ukigawa kwa p inabaki 1 daima. 67 ni tasa, toa moja ni 66. Kwa hiyo 2^66 toa 1 ilikuwa imeshatiwa saini na 67 kabla LUKU haijazaliwa. Na tasa nyingine (ukiacha 2) ambazo ukizitoa moja jibu linaigawa 66 bila baki zinafuata njia hiyo hiyo: 3 kwa sababu ya 2, 7 kwa sababu ya 6, 23 kwa sababu ya 22.

MwalimuMstaafu
Marahaba binti. Hilo sikulifundisha darasa la saba lakini nilitamani.

KeteNamua
Mimi si mtu wa shule, ni mtu wa bao, tunacheza Mwananyamala kila jioni. Bao lina mashimo 32. Nikiweka kete moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, hivyo hivyo mpaka la mwisho, nahitaji kete ngapi? Maana tulizonazo ni 64 tu, na kuna mzee mmoja anaficha.

BintiMlimani
Babu, 4,294,967,295. Yaani 2^32 toa 1. Na hii naipenda kuliko ya tokeni, kwa sababu inapasuka hivi:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Kila mmoja hapo ni kipeo cha mbili jumlisha moja: 2+1, 4+1, 16+1, 256+1, 65,536+1. Fermat aliziona hizo tano, zote tasa, akaamini mfululizo huo ni tasa milele. Inayofuata ni 4,294,967,297, kubwa kuliko kete zako kwa mbili tu. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Na toka hapo mpaka leo hajapatikana wa sita.

KeteNamua
Kumbe bao letu limekoma mahali pazuri.

FundiSinza
Swali la mwisho kabla sijalala. Hii ya tokeni imepasuka kirahisi kwa sababu 66 yenyewe inapasuka. Je, wangeongeza swichi moja zikawa 67? 67 ni tasa. Hapo dari ingekuwa tasa?

BintiMlimani
Fundi, umeuliza swali lililowasumbua watu zaidi ya miaka 250, na hujui 😂

2^67 toa 1 ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya vipeo vinavyofanya 2^p toa 1 iwe tasa, na 67 aliiweka. Watu wakaiamini. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha kwamba si tasa, lakini sasa sikieni ajabu: hakupata kigawo hata kimoja. Alijua kuna ufa ndani ya ukuta bila kujua uko wapi.

Ikakaa hivyo mpaka 1903. Kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani, New York, Frank Nelson Cole akasimama ubaoni. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Akaizidisha mbili yenyewe kwa yenyewe mara 67 kwa chaki, akatoa moja. Akahamia upande wa pili wa ubao akazidisha kwa mkono:

193,707,721 × 761,838,257,287

Majibu yakalingana. Akarudi kukaa, kimya kimya, watu wakapiga makofi. Alipoulizwa baadaye imemchukua muda gani, alisema Jumapili za miaka mitatu.

Jero_Tupu
Jumapili za miaka mitatu kugawa namba. Na mimi nilifikiri nikikaa kutazama mpira napoteza muda.

MwalimuMstaafu
Nimeikagua kwa kutupa tisa, kama tulivyokagua zamani: jumlisha tarakimu, gawa kwa tisa, tazama kinachobaki. Tarakimu za ile ndogo jumla 37, inabaki 1. Za ile kubwa jumla 64, inabaki 1. Moja mara moja ni moja. Za jibu jumla 109, inabaki 1. Haithibitishi kila kitu, lakini kosa la kizembe lingeonekana.

BintiMlimani
Asante Mwalimu. Ngoja niwape hesabu iliyonifanya nimheshimu zaidi yule mzee. Kigawo chochote cha 2^67 toa 1 lazima kiwe 134 mara namba fulani, jumlisha 1. Huo nao ni uzao wa kanuni ya Fermat. Ile 193,707,721 ni 134 mara 1,445,580 jumlisha 1. Kwa hiyo mtu wa kujaribu moja moja kwa kufuata mstari angejaribu mara 1,445,580 kabla ya kufika. Mpe dakika moja kwa kila jaribio, bila kulala wala kula: karibu siku 1,004. Jumapili za miaka mitatu ni kama 156 tu. Maana yake hakupapasa gizani. Alitumia kanuni za mabaki ya vipeo vya pili kuziondoa namba kwa mafungu, hizi hapana, hizi hapana, mpaka zikabaki chache za kujaribiwa.

Hadithi inayosimuliwa ni ya uvumilivu. Mimi naona sifa kubwa ilikuwa ni kujua pa kutochimba. (Simu yangu nimeiandikia programu ndogo ya kujaribu moja moja, imeipata kabla sijaweka kikombe mezani. Lakini simu haina Jumapili.)

FundiSinza
Kwa hiyo swichi ya 67 isingeleta tasa.

BintiMlimani
Isingeleta. Ila dari ingekuwa 147 na tarakimu 21, na kaka wakala angekuwa hapa analalamika kwamba zote zinaanza na 0 au 1.

Jero_Tupu
Hamjajibu la maana. Mtu akibahatisha namba, anaweza kupata umeme wa bure?

FundiSinza
Jero umesoma "kwintilioni 73" au umeruka? Nenda kalipe.

WakalaRangiTatu
Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, mwisho wa mwezi dirisha halina nafasi.

Nimefanya kitu. Daftari langu la mauzo naandika tarakimu nne za kwanza za kila tokeni, ili mteja akirudi kusema nimemwandikia vibaya nipate pa kushika. Nimeketi na mwanangu wa darasa la tano tukazipanga kwa kichwa chake: za 0 hapa, za 1 hapa. Mafungu saba ya mwanzo yalikuwa yanafanana vimo kama ndugu. Fungu la 7 lilikuwa dogo, yatima. Tukazipitia hizo za 7 moja moja: 70, 71, 72, 73. Hakuna hata moja ya 74. Mwanangu kaniuliza, "Baba, waliambiwa na nani wasimame hapo?" Nikamwambia aulize kwa Mwalimu Mstaafu.

Halafu jana jioni akaja mama mmoja wa mtaa wa pili, ananunua za buku tano. Tokeni ikasoma 7371. Nikamwangalia, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mama, hii namba yako imebakiza kidogo kugusa dari.

Akaniuliza, "Dari la nani? Umeme utaingia au hautaingia?"